Prepu ya shule, kochingi ya likizo au mwalimu wa nyumbani: ipi itamfikisha mtoto wa shule ya serikali chuo kikuu?

Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yakitoka, wazazi wa hapa Busia upande wa Uganda huanza kuulizana jambo moja. Mtoto anasoma sekondari ya serikali, ya kutwa. Karo ni nafuu, walimu wapo, lakini darasa limejaa. Aongezewe nini ili S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ikiisha awe na mahali pa kwenda? Jirani mmoja atasema mpeleke Kampala likizoni akafanye kochingi, yale masomo ya ziada ya kituoni. Mwingine atasema mwite mwalimu wa hesabu aje nyumbani Jumamosi. Wa tatu atasema prepu, masomo ya ziada ya shule yenyewe, inatosha, mengine ni biashara za watu.

Niseme mapema nilipo. Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya serikali, na prepu hunipatia posho kidogo, kwa hiyo ukiona naivutia upande wangu una haki ya kunitilia shaka. Lakini kipimo nitakachotumia unaweza kukitumia mwenyewe bila kuniamini: uliza nani anasahihisha kazi ya mtoto, anaisahihisha lini, na mtoto anairudia lini baada ya kuonyeshwa alipokosea. Jina la kituo, ukumbi wenye feni, mwalimu anayejitangaza kwamba "husahihisha UNEB", hayo yote yafuate baadaye.

## Mtihani wenyewe si ule tulioufanya sisi

Wazazi wengi tulisoma enzi za madaraja na agrigeti, ile jumla ya alama za masomo, na bado tunanunua msaada kwa mawazo ya enzi hizo. Mtaala mpya wa S.1 hadi S.4 ulianza 2020, na watoto wa kwanza kuufanyia mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa S.4, walikuwa wa 2024. Sasa kila somo lina herufi, A hadi E. Asilimia 20 ya alama hutoka shuleni, katika kazi na miradi ambayo mwalimu anaitathmini na shule inaipeleka UNEB. Asilimia 80 ni mtihani wa mwisho. Na maswali hayaulizi tena "taja sababu tano". Yanaanza na hali ya maisha: kijiji kinachoteka maji kisima kichafu, mfanyabiashara anayetaka kukopa, halafu mtoto anatakiwa atumie alichojifunza kutoa suluhisho. Aliyekariri pamfleti hujaza ukurasa mzima wa mambo ya kweli yasiyojibu swali.

Hili lina uzito kwa mzazi anayechagua. Mtoto asiye na alama za tathmini ya shule hapati cheti cha UCE, hata kama karatasi ya mwisho ameifanya vizuri. Kwa hiyo ule mtindo wa kumtoa mtoto shule ya kijijini katikati ya S.3 au S.4, akae kwa shangazi Kampala na kusoma kituoni, kisha arudi kufanya mtihani tu, sasa ni hatari. Kituo cha kochingi hakina mamlaka ya kupeleka alama zozote UNEB. Ukimhamisha mtoto shule, hakikisha alama zake za tathmini zinamfuata, na usikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Mtaala wa S.5 na S.6 nao ulirekebishwa kwa walioingia S.5 mwaka 2025 ili uendane na ule wa chini. Vitabu vya mtoto wako mkubwa aliyemaliza zamani bado vina faida, ila usimwekee mdogo wake tegemeo lote humo.

## Prepu: nafuu, lakini chungulia daftari

Prepu ya shule ya kutwa kwa kawaida ni saa moja au mbili za asubuhi kabla ya vipindi, au jioni baada ya vipindi, na Jumamosi kwa madarasa ya mtihani. Wazazi wanakubaliana kwenye mkutano wa PTA, chama cha wazazi na walimu, walipe kiasi fulani. Ukilinganisha bei tu, hakuna kitu kinachoikaribia.

Nguvu yake kubwa ni kwamba anayefundisha jioni ndiye aliyefundisha mchana. Anajua mtoto huyu anaogopa hesabu za sehemu, yule hajui kuandika aya. Anajua mada ipi imerukwa kwa sababu mwalimu alikuwa likizo ya uzazi. Maabara iko hapo, hata kama ni ndogo. Na kazi ile ile ya jioni inaweza kuingia kwenye tathmini ya asilimia 20, jambo ambalo hakuna mtu wa nje anayeweza kulifanya.

Sasa ubaya wake, na sitaupaka rangi. Shule nyingi zinaita prepu kile ambacho ni vipindi vya kawaida vilivyosogezwa mbele kwa sababu silabasi haijaisha. Mwalimu anaandika maandishi ubaoni, watoto themanini wananakili, kengele inalia. Hiyo si prepu, ni mchana ulioongezwa urefu. Kuna pia suala la walimu wenyewe. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari ya serikali mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa historia au fasihi yuko chini sana ya hapo. Walimu wa sanaa waligoma 2022, wakagoma tena 2025. Mtu asishangae basi akikuta prepu ya fizikia inafanyika na ya jiografia ina mwalimu wa kubahatisha.

Kwa msichana wa kutwa kuna saa ya kurudi nyumbani. Prepu inayoisha gizani, kwenye barabara ya malori ya mpakani, ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Shule yenye akili inaweka masomo ya ziada asubuhi au mara tu baada ya vipindi. Isiyofanya hivyo, wazazi wapeleke hoja kwenye PTA kabla ya kuanza kutafuta pesa za boda.

Ukitaka kujua prepu ya shule yako ni ya aina gani, fungua daftari la mtoto Ijumaa jioni. Kuna kalamu nyekundu? Kuna maneno ya mwalimu, au ni alama ya vema tu kila ukurasa? Kuna swali lililorudiwa baada ya kukosewa? Ukiyakuta hayo, kaa hapo hapo, usipoteze hela kwingine. Usipoyakuta, endelea kusoma.

## Kochingi ya likizo

Wizara ya Elimu imepiga marufuku kufundisha wakati wa likizo, na imerudia agizo hilo mara nyingi. Kochingi inaendelea hata hivyo, kwenye kumbi, makanisani, kwenye nyumba za watu, na hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanza: kitu kinachofanyika kwa kujificha hakina mahali pa kulalamikia. Kituo kikivunja ahadi, mkaguzi gani utamwita?

Tatizo la pili ni lile la kipimo changu. Ukumbi una watoto mia na zaidi kutoka shule mbalimbali, kila mmoja amefika mada tofauti. Mwalimu ni hodari, anachekesha, anatoa "maswali yatakayokuja". Anasahihisha nani? Mara nyingi hakuna. Mtoto anarudi na rundo la pamfleti na furaha ya kuwaona watoto wa shule kubwa. Hiyo furaha si kitu cha kudharau, nitaigusa tena, lakini haijibu karatasi ya mtihani.

Halafu hesabu ya kweli. Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mchango kwa ndugu anayemlaza, boda ya kila siku kutoka kwa ndugu hadi kituoni. Ada ya kituo yenyewe mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Nimewaona wazazi wakilipa kwa likizo moja kiasi ambacho kingemlipa mwalimu wa nyumbani kwa muhula mzima.

Pamoja na hayo, kuna mtoto ninayemshauri aende. Ni yule wa S.5 au S.6 ambaye shule yake haina kabisa mwalimu wa somo lake kuu, au haina vifaa vya majaribio ya kemia, na hakuna mtu karibu wa kumsaidia. Kukaa muda fulani mahali penye mwalimu wa kweli na bureti za kweli kunaweza kumwokoa. Lakini aende na orodha ya mada anazozikosa, si kwenda tu kwa sababu wengine wanaenda. Na ukipiga simu kituoni, uliza swali moja: "Majibu ya mtoto yatasomwa na nani?" Wakianza kukusomea majina ya waliofaulu mwaka jana, shukuru na ukate simu.

Ile furaha sasa. Mtoto wa shule ya kutwa ya kijijini anaweza kufika S.6 bila kuwahi kukutana na mtu wa rika lake anayezungumzia uhandisi kama jambo la kawaida. Akikaa na wenzake wa namna hiyo, matamanio yake yanapanda. Ila kwa hilo kuna njia ya bei ndogo: mpeleke Busitema siku moja, makao makuu ya chuo kikuu hicho yako hapa hapa wilayani kwetu kwenye barabara kuu ya Jinja kwenda Malaba. Atembee, aone karakana, azungumze na wanafunzi.

## Mwalimu wa nyumbani

Kwa saa moja moja, hakuna msaada unaoishinda hii. Mtoto mmoja, au watatu wa majirani waliochangishana, na mtu anayeona kosa likitendeka pale pale. Tulipofungiwa shule kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, tofauti hii ilionekana wazi kuliko wakati wowote. Serikali ilileta vipindi vya redio na karatasi za kujisomea, na karatasi zenyewe hazikuwa mbaya. Zilikosa mtu wa kuzisahihisha. Waliokuwa na mtu, hata kama ni kaka wa chuo aliyekwama nyumbani, walirudi darasani wakiwa hai.

Udhaifu ni pesa, na udhaifu wa pili ni upole. Mwalimu anayelipwa na mama hapendi mama asikitike, kwa hiyo kazi za nyumbani zinaanza kurudi shuleni zikiwa safi mno. Miradi ya mtaala mpya ndiyo inayoharibiwa zaidi. Napokea kazi zilizoandikwa kwa lugha ambayo mtoto hawezi kuisema akiulizwa. Mwambie mwalimu wa nyumbani kwamba kazi ya tathmini asiiguse kwa kalamu, aulize maswali tu.

Mwanafunzi wa chuo aliye likizoni ni nafuu kuliko mwalimu aliyeajiriwa, na kwa hesabu za S.3 au fizikia ya S.5 mara nyingi anatosha. Masomo yafanyike sebuleni au barazani, mahali watu wanapita. Hilo halina mjadala.

Kama pesa yako inatosha kulipia somo moja tu, lipia hesabu, na ulipie mapema, S.2 au S.3. Mzazi anayemtafuta mwalimu wa hesabu muhula wa tatu wa S.4 anamtafuta wa kumfariji.

## Semina, moki na mashirika

Semina za shule kwa shule za muhula wa pili ni nzuri kwa S.6, hasa wanafunzi wakitumwa na maswali waliyoyajibu tayari. Mitihani ya moki, yaani ya majaribio, inayotungwa kwa pamoja, kama ile ya JJEB, bodi ya pamoja ya mitihani ya upande wa Jinja, ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti karatasi iliyosahihishwa irudi mikononi mwa mtoto. Shule inayotoa alama bila karatasi imekupa nusu ya ulicholipia.

Mashirika yako ya aina nyingi. Educate!, ambayo imefanya kazi katika sekondari za Uganda tangu 2009, inafundisha ujasiriamali na uongozi. Mtoto hunufaika, anajifunza kusimama na kuzungumza, lakini usiihesabu kama msaada wa kemia.

## Kombi: hapa ndipo wengi wanapoangukia

Unaweza kumpatia mtoto msaada wote huo na bado akakosa kozi kwa sababu ya kosa la wiki moja, wiki ya kuchagua kombi ya S.5, yaani mseto wa masomo makuu.

Sharti la chini la kuingia shahada kwa njia ya UACE, mtihani wa mwisho wa S.6, ni prinsipo mbili zilizopatikana katika mtihani mmoja, yaani masomo mawili makuu yenye herufi kati ya A na E. Hilo linakuruhusu kuomba tu. Kinachogawa nafasi ni uzito. A ni alama 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kila kozi ina masomo mawili ya lazima ambayo alama zake huzidishwa mara 3, na somo moja linalohusiana ambalo huzidishwa mara 2. General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla, na lile somo dogo jingine, kompyuta au hesabu ndogo, huongeza alama moja moja. Matokeo ya UCE nayo huongeza kidogo. Wasichana huongezewa 1.5 katika vyuo vikuu vya umma, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990.

Tazama watoto wawili wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wanaoomba uhandisi, ambako masomo ya lazima ni hesabu na fizikia. Wa kwanza ana A ya hesabu, D ya fizikia, D ya kemia: 18 na 9 na 6, jumla 33. Wa pili ana A ya kemia, D ya hesabu, D ya fizikia: 9 na 9 na 12, jumla 30. Herufi ni zile zile, kwenye cheti wote wana alama 12 za masomo makuu. Kwa udahili wametofautiana kwa alama tatu, na mistari ya kukatia, zile alama za chini za kupokelewa, huandikwa hadi desimali. Yule wa pili alikuwa na mwalimu wa nyumbani wa kemia kwa sababu "kemia anaipenda". Pesa ilikwenda kwenye somo lisilo na uzito.

Kwa udaktari wa binadamu masomo ya lazima ni biolojia na kemia. Sheria ya Makerere imewahi kuwa na mtihani wake wa kuingilia ambao kila mwombaji aliufanya, hata mwenye A tatu; kiulize chuo kama bado upo. Anayewaza sheria atumie likizo ya S.6 kusoma magazeti na kujizoeza hoja. Kumlipia kochingi ya historia peke yake ni kumwandaa nusu.

Kuna swali jingine linalonisumbua, nalo ni sayansi bila maabara. Serikali inaweka sehemu kubwa ya ufadhili wake kwenye sayansi, na wazazi wamesikia, kwa hiyo kila mtoto anasukumwa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Katika shule ambayo S.6 wanagusa darubini mara moja kwa muhula, matokeo yake ni E tatu. Mtoto mwenye HEG (historia, uchumi na jiografia) ya B tatu ana milango mingi kuliko huyo. Kama mtoto ana kichwa cha sayansi kweli, hamia shule yenye maabara mwanzoni mwa S.5; hapo ndipo kuhama kuna faida. Na kwa watoto wa mpakani wanaoongea Kiswahili tangu utotoni, wasilitupe somo hili wanapopanga kombi. Mtaala mpya umelifanya la lazima S.1 na S.2, Baraza la Mawaziri mwaka 2022 liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na walimu hawatoshi. Najua, mwalimu wa Kiswahili lazima aseme hivyo.

## S.4 imekwisha: A-level au cheti cha ufundi?

Kwa A-level ni miaka miwili, kisha shahada. Njia ni fupi na inaheshimiwa, lakini ukianguka S.6 unabaki na cheti kisichokupa kazi.

Kwa cheti cha ufundi ni kama miaka miwili, kisha stashahada miaka miwili, kisha shahada kwa wanaotaka, na baadhi ya kozi humpokea mwenye stashahada nzuri moja kwa moja mwaka wa pili. Njia ni ndefu, ila kila kituo kina karatasi inayouzika. Mitihani ya ufundi na biashara iliyokuwa ya bodi ya UBTEB sasa iko chini ya bodi mpya ya UVTAB, iliyoundwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025. Kwetu mashariki kuna Uganda Technical College Elgon kule Mbale, na Tororo kuna chuo cha biashara cha serikali.

Ninavyoamua mimi: mtoto mwenye D na E nyingi S.4 lakini mikono yake inafanya kazi, anatengeneza redio za mtaa mzima, aende ufundi na asione haya. Mtoto mwenye A na B apite A-level. Wa katikati, mwenye C nyingi, ndiye mgumu. Kwake nauliza kama nyumbani wanaweza kulipa miaka mitano mfululizo bila mapato. Kama hawawezi, cheti kitamwezesha kufanya kazi na kurudi kusoma.

Njia moja ambayo wazee bado wanaipendekeza imefungwa: ualimu wa Gredi III, kile cheti cha kufundisha shule ya msingi. Sera ya taifa ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, na mafunzo yamehamishiwa UNITE, taasisi yenye kampasi Kaliro, Kabale, Mubende, Muni na Unyama. Mtu akikuahidi nafasi ya Gredi III, shika pochi yako.

## S.6 imekwisha na prinsipo ni moja

Hapa njia ni tatu. Kurudia S.6 ni kurudia yote, kwa kuwa prinsipo mbili lazima zitoke mtihani mmoja. Inafaa kwa mtoto aliyeugua au aliyefiwa, siyo kwa aliyekuwa mzima na akapata E baada ya kujitahidi. Cheti cha elimu ya juu, kile wanachokiita HEC, ni cha mwaka mmoja kwa mwenye prinsipo moja na ufaulu wa kiwango kidogo katika masomo mawili, kisha shahada. Stashahada ni miaka miwili kwa masharti yanayofanana na hayo.

HEC inavutia kwa sababu ni fupi. Shida ni kwamba peke yake haikuajiri. Mtoto akikosa karo baada ya mwaka ule, amekwama. Mwenye stashahada akikwama, ana stashahada. Kwa familia ya mapato ya kubahatisha mimi nachagua stashahada bila kusita. Kwa yeyote atakayechagua HEC, kozi iwe imeidhinishwa na NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, na jambo hilo huhakikishwa NCHE kwenyewe, si kwa karani wa chuo kinachotaka pesa yako.

## Pesa baada ya barua ya udahili

Ufadhili wa serikali ni kama nafasi 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Nyingi, karibu 3,000, ni za ushindani wa kitaifa, na hizo watoto wa shule kubwa za bweni huzichukua. Zinazobaki ni za mgao wa wilaya, watu wenye ulemavu na wanamichezo. Mgao wa wilaya ndio mtoto wa shule ya serikali ya huku anapaswa kuukodolea macho, kwa kuwa anashindana na wenzake wa wilaya, si na nchi nzima. Fomu hujazwa kwa wakati wake na haimngoji mtu.

Kwa aliyefaulu vizuri sana na nyumbani hakuna kitu, mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation ulioanza Makerere mwaka 2013 ulilenga watoto wa namna hiyo hasa. Afuatilie matangazo ya chuo mwenyewe. Hakuna wakala anayehitajika wala wa kulipwa.

Mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya 2014, unaelekezwa hasa kwenye kozi za sayansi na teknolojia, za shahada na za stashahada. Unalipa karo, ada za chuo na za utafiti, pamoja na vifaa kwa wenye ulemavu. Haulipi chakula wala malazi. Kwa hiyo mkopo ule ule una thamani tofauti kulingana na mahali. Mtoto wa Busia anayesoma uhandisi Makerere kwa mkopo anahitaji bado hosteli, chakula na usafiri wa Kampala kila muhula. Anayesoma Busitema huku akilala kwa mama yake amemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Ukikaa na mtoto kujaza machaguo, liweke hilo mezani pamoja na herufi zake.

Na ile miezi kati ya Desemba na Agosti, likizo ndefu ya S.6? Wazazi wengi hapa wanamwacha mtoto auze duka, na si vibaya. Ila aliyesoma shule ambayo maabara ya kompyuta ina kufuli atakutana chuoni na usajili wa mtandaoni, na Makerere kuna jukwaa la MUELE ambako wahadhiri huweka masomo na kupokea kazi. Kozi ya kompyuta ya mtaani, ya kuchapa, kutuma barua pepe na kutengeneza jedwali, ni ya bei ndogo kuliko likizo moja ya kochingi. Ukitaka kujua kama kituo cha kompyuta kinafaa, kipimo ni kile kile: mpe mtoto kazi achape ukurasa, umuulize nani aliuona na alimwambia arekebishe nini.